Ndege mdogo, mwanga hafifu, picha ya chenga: pima ugonjwa kabla ya kutoa dawa

Picha umeipiga asubuhi na mapema chini ya miti mikubwa. Kwenye kioo cha nyuma ya kamera ilipendeza: ndege yupo, jicho linang'aa, tawi limekaa vizuri. Umefika nyumbani, umeifungua kwenye kompyuta, ukaikuza, na badala ya manyoya unaona chenga. Vidoto vya kijani na zambarau vimetapakaa kifuani, kivuli kimekuwa kama uji usiochujwa, na lile jicho sasa ni doa. Cha kwanza unachofanya ni kuangalia ISO, ile namba ya kamera ya kukuza mwanga. Unakuta 6400. Basi, mchawi kapatikana.

Mchawi huyo husingiziwa. Nami nilimsingizia miaka kadhaa. Niliifunga ISO kwenye 800 nikidhani nailinda picha, kisha kwenye kompyuta nikawa napandisha mwanga kwa nguvu, na vivuli vikatoa chenga nyingi kuliko ambazo ningezipata kwa 6400. Nilikuwa natibu malaria kwa dawa ya minyoo. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili kwa sababu hiyo: angalia kwanza picha yako inaumwa nini, ndipo uguse kitufe.

Lakini chenga zenyewe zinatoka wapi? Tandaza visahani mia nje wakati manyunyu yanaanza, uvikusanye baada ya muda mfupi. Kimoja kina matone matatu, jirani yake saba, kingine hakina kitu, ingawa mvua ni moja. Viache chini ya mvua kubwa kwa muda uleule, na vyote vitakuwa na maji karibu sawa. Tofauti ya tone moja au mawili haionekani. Pikseli ni visahani hivyo, mwanga ndio mvua. Pikseli iliyopata chembe 100 za mwanga huyumba kwa takriban 10, yaani asilimia 10. Iliyopata chembe 10,000 huyumba kwa 100, asilimia 1 tu. Chenga unazoziona kifuani mwa ndege, kwa sehemu kubwa, ndiyo tofauti ya visahani wakati wa manyunyu. ISO inakuja baadaye, kukuza kilichokwisha kukusanywa, maji pamoja na kuyumba kwake. Haiongezi hata tone.

Swali la kujiuliza kwenye kila dalili hapa chini, basi, ni moja: mwanga kiasi gani ulitoka kwa ndege huyu ukaingia kwenye kihisi cha kamera, kile kibamba chenye pikseli?

Kwanza, ujue giza lenyewe ni kubwa kiasi gani

Jicho huzoea giza, kwa hiyo hudanganya. Sakafu ya msitu mnene wa tropiki hupata takriban asilimia 1 hadi 2 tu ya mwanga ulioko juu ya vilele vya miti. Fanya hesabu. Juani, anga jeupe, ISO 100 na f/4 (namba ya tundu la lenzi; ikiwa kubwa, mwanga unaopita ni mdogo) zinakupa kasi ya shata, yaani muda wa kupokea mwanga, ya karibu sekunde 1/1600. Punguza mwanga mara 64, yaani hatua sita (hatua moja ni kuongeza maradufu au kupunguza kwa nusu), na kasi inashuka hadi 1/25. Ukitaka 1/400 kwa ajili ya ndege mwenye pilika, unapanda hatua nne, unafika ISO 1600. Na hapo bado ni mchana wa jua. Mawingu ya asubuhi yanakula hatua nyingine mbili au tatu, na lenzi ya f/6.3 badala ya f/4 inakula moja na theluthi. Jumlisha: uko kwenye ISO 16,000 au zaidi na hujafanya kosa lolote.

Nimeiweka hesabu hii mbele kwa sababu wengi hujilaumu, au huilaumu kamera, kwa jambo ambalo ni la msitu. Chini ya miti namba hizo ni za kawaida. Karibu na ikweta, hata hivyo, jua huchomoza karibu wima na mwanga huongezeka kwa kasi, kwa hiyo dakika kumi za subira alfajiri zinaweza kukupa hatua nzima au zaidi. Hiyo ni tofauti ya ISO 12,800 na 6400, na hujatoa hata senti.

Dalili: vivuli vimejaa chenga, ingawa ndege ni mkubwa kwenye fremu

Fungua faili na uangalie mambo mawili: histogramu (grafu ya mwanga wa picha, kushoto giza, kulia weupe), na kiasi cha mwanga ulichoongeza wakati wa kuhariri. Kama mlima wa histogramu umelalia kushoto na umeongeza hatua moja na nusu au mbili, picha yako ilipigwa gizani kuliko ilivyohitajika. Hicho ndicho chanzo cha kawaida kuliko vyote, na kina wazazi kadhaa.

Mmoja ni kioo cha kamera. Msituni, macho yakiwa yamezoea giza, kioo kinang'aa kama taa na picha yenye upungufu wa hatua mbili inaonekana imekamilika. Mwamini histogramu, kioo hicho kinakubembeleza.

Mwingine ni vipenyo vya anga nyuma ya ndege. Kamera inaona vile vipande vyeupe kati ya majani, inashtuka, inapunguza mwanga wa picha nzima, na ndege anabaki kivuli. Ndege akiwa na anga nyuma yake, ongeza fidia ya mwanga (mpangilio wa kuiambia kamera ipige angavu au giza zaidi) hatua moja hadi mbili na uikubali anga iungue, yaani ibaki nyeupe tupu. Kinyume chake pia hutokea: ndege mwenye kifua cheupe akisimama mbele ya pango la giza, kamera itajitahidi kuliangazia pango na kifua kitaungua kabisa. Hapo unapunguza. Kifua kilichoungua hakirudi, na mimi kati ya chenga na kuungua huchagua chenga.

Mzazi wa tatu ni fidia ya jana. Ulipunguza hatua moja kwa ajili ya yangeyange juani, ukasahau. Usicheke, angalia sasa hivi.

Dawa ni kupiga picha angavu kadiri inavyowezekana bila kuunguza sehemu iliyo nyeupe zaidi kwenye ndege, kisha kuishusha kwenye kompyuta ikibidi. Ukipiga RAW (faili ghafi ya kihisi), kumbuka kwamba histogramu ya kamera hutengenezwa kutokana na JPEG (picha iliyokwisha kupikwa na kamera), kwa hiyo mara nyingi kuna nafasi kidogo zaidi upande wa kulia kuliko inavyoonyesha. Tahadhari kwa ndege wekundu na wa manjano iliyokolea: chaneli ya nyekundu hujaa kabla ya nyingine, histogramu ya rangi moja haikuonyeshi, na unabaki na kifua kisicho na unyoya hata mmoja, bali rangi tupu kama ya ndoo ya plastiki. Washa histogramu ya rangi tatu.

Kuna wanaosema kwamba kwenye kamera za sasa kupandisha ISO na kupandisha mwanga baadaye ni mamoja. Kwa RAW na kwa kamera nyingi mpya, wana hoja: tofauti ni ndogo. Kwa JPEG si kweli kabisa. Ila angalia ubishi huo unavyokupeleka njia isiyo yako: pande zote mbili zinabishana juu ya kukuza maji yaleyale. Mvua zaidi inatoka kwenye shata, kwenye kioo cha lenzi na kwenye umbali.

Dalili: chenga zinaonekana baada ya kukata picha

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wapiga picha wa ndege wadogo wanapoumia zaidi na ndipo hesabu inapowapinga kwa namna wasiyoitarajia.

Ndege wa sentimita kumi aliye mita kumi na tano mbele yako anachukua kipande kidogo sana cha kihisi. Ukikata picha ili ajaze fremu, umetupa mwanga wote uliobaki na unatazama visahani vichache tu. Fremu nzima ilikuwa na mvua ya kutosha, ila ndege alipata manyunyu. Ndiyo maana picha ya msitu kwa ISO 3200 inapendeza na picha ya ndege kwa ISO ileile, kamera ileile, inatia aibu.

Ukisogea hadi nusu ya umbali, ndege anaongezeka mara mbili kwa urefu na mara mbili kwa upana, yaani mara nne kwa eneo. Mwanga wake unaoingia kwenye kamera unakuwa mara nne. Ni sawa na kupata hatua mbili bure. Hakuna programu wala kihisi kipya kinachokupa hatua mbili safi namna hiyo. Siyo lazima umfuate. Ndege wengi wadogo wa tropiki wana njia zao, hurudi kwenye ua lilelile, tawi lilelile, dimbwi lilelile la kuogea. Kaa chini, tulia, mgongo ukiegemea mti, na umwache yeye apunguze umbali. Kumfuata kichakani humfukuza, na kumchezea sauti ya ndege mwenzake mpaka achanganyikiwe si ufundi. Kiotani usisogee kabisa.

Sasa lenzi. Watu hutazama namba ya f peke yake, lakini kwa ndege aliye mbali, kinachokusanya mwanga wake ni upana wa tundu lenyewe: gawanya urefu wa fokasi kwa namba ya f. Lenzi ya 300mm f/4 ina tundu la milimita 75. Ya 600mm f/6.3 ina takriban 95. Kwa ndege yuleyule, umbali uleule, kasi ileile ya shata, ile ya f/6.3 inakusanya mwanga wake mara 1.6 zaidi, ingawa kamera itakuonyesha ISO kubwa zaidi. Ukikata picha ya 300mm mpaka ndege walingane, utaona chenga zake ni mbaya zaidi. Nilipoielewa hesabu hii niliacha kudharau lenzi ndefu za "giza".

Kikuza-lenzi, kile kinachofungwa kati ya lenzi na kamera, kinafuata kanuni hiyohiyo. Cha 1.4x kinakula hatua moja, cha 2x kinakula mbili, lakini tundu la mbele ni lilelile, kwa hiyo mwanga wa ndege haukuongezeka wala haukupungua. Umetandazwa tu juu ya pikseli nyingi zaidi. Kwa upande wa chenga, kukikosa hakukuponyi na kuwa nacho hakukudhuru sana. Kinachoumia ni fokasi, ambayo gizani huanza kutangatanga. Mimi chini ya miti nakivua.

Ukubwa wa kihisi nao unaelezwa kwa makosa. Kihisi cha fremu nzima, kile kikubwa, kina eneo karibu mara 2.25 ya kile kidogo cha APS-C, na faida yake ni ya kweli pale tu unapoweza kulijaza eneo hilo kwa ndege. Kama vyovyote vile utakata mpaka ukubwa wa APS-C, umebeba uzito mkubwa bila malipo.

Dalili: manyoya yamekuwa kama nta

Hizi si chenga, ni dawa ya chenga iliyozidi. Kama ulipiga JPEG, kamera yenyewe imesafisha picha kabla hujaiona: imeshindwa kutofautisha unyoya mwembamba na chenga, ikapaka vyote kwa brashi moja. Angalia mpaka wa kichwa na shavu. Ukikuta rangi zimeyeyukiana kama rangi ya maji na hakuna hata unyoya mmoja unaoonekana ukingoni, huo ndio ugonjwa. JPEG iliyokwisha pakwa haiponi. Kuanzia sasa piga RAW, au kama kazi yako inadai JPEG, shusha usafishaji wa chenga wa ndani ya kamera hadi kiwango cha chini kabisa.

Kama ulipiga RAW, mpakaji ni wewe. Rudisha nyuma kitelezi cha kusafisha chenga kwenye programu.

Dalili: picha imefifia kama ina moshi, na chenga zimetokea ulipoongeza kontrasti

Hii ilinila asubuhi nzima. Nilitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, nikaingia moja kwa moja kwenye msitu wenye unyevu, nikaanza kupiga. Picha zote za saa ya kwanza zilikuwa na utando wa maziwa. Nyumbani niliivuta kontrasti mpaka mwisho na chenga zikafumuka kila mahali. Nikaapa kwamba kihisi kimekufa. Kihisi kilikuwa kizima. Lenzi baridi ilikuwa imeshika umande, kama glasi ya maji ya barafu inavyotoa jasho mezani.

Umande juu ya kioo cha mbele unafuta na kuendelea, ingawa utarudi mpaka kioo kipate joto. Umande wa ndani ya lenzi haufutiki. Kinga ni kuacha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa hadi saa nzima ili ipate joto la nje polepole, au kuilaza usiku mahali pasipo na kiyoyozi. Pakiti za silika jeli begini husaidia dhidi ya ukungu wa kuvu kwa muda mrefu, ila hazizuii umande wa ghafla.

Utando kama huo huletwa pia na kichujio chafu mbele ya lenzi, alama za vidole, au anga angavu inayopiga kioo moja kwa moja. Ondoa kichujio, weka kofia ya lenzi (ile ya kukinga mwanga wa pembeni, si kifuniko), ujaribu tena.

Dalili: ndege si mkali, na unadhani ni chenga

Punguza picha mpaka robo ya ukubwa wake. Chenga zinatoweka, ukungu wa mtikisiko unabaki. Hicho ni kipimo cha sekunde mbili na kinaokoa ubishi mwingi.

Kama tawi ni kali na ndege ana ukungu, ndege ndiye aliyetikisika. Kama tawi na ndege wote wamevutika upande mmoja, mkono wako ndio uliotikisika. Kama kuna jani kali mahali fulani, mbele au nyuma ya ndege, fokasi ilishika lisilo lake. Kila moja lina dawa yake, na kuongeza kasi ya shata ovyo kunatibu mawili tu kati ya matatu huku kukikunyima mwanga.

Fokasi gizani hupenda mahali penye utofauti wa rangi: weka nukta ndogo moja kwenye mpaka wa jicho na uso, si kwenye kifua kilicho sare. Mfumo wa kutambua jicho la ndege husaidia sana ndege akiwa wazi, na hupotea majani yakiingia katikati; usione haya kurudi kwenye nukta moja.

Kuhusu kasi ya shata, ndege wadogo hawatembei kama maji. Wanakwenda kwa mishtuko: kichwa kinageuka, kinaganda, kinageuka, kinaganda. Ndani ya kule kuganda, sekunde 1/125 inatosha, wakati mwingine hata 1/60. Kutoka 1/1000 hadi 1/125 ni hatua tatu, mwanga mara nane. ISO 12,800 inakuwa 1600. Ninachofanya mimi ni kuanza na kasi salama, labda 1/500, nipate picha za uhakika. Ndege akiendelea kukaa nashuka: 1/250, kisha 1/125, nikipiga mafungu ya fremu nane au kumi kwa mpigo. Nyingi zitakuwa takataka. Hiyo moja iliyoangukia kwenye kuganda itakuwa na manyoya ambayo 1/1000 isingekupa kamwe. Akiwa anaimba, ngoja kati ya beti, maana koo na mdomo hutetemeka.

Kitulizaji cha lenzi kinatuliza mkono wako. Ndege hakimhusu.

Ukitumia ISO ya otomatiki, weka kikomo cha chini cha kasi ya shata mwenyewe. Ukiiachia kamera, itachagua kasi kwa kufuata urefu wa lenzi na itakupeleka 1/640 kwa ndege aliyelala usingizi.

Dalili: chenga za rangi, hasa zambarau na buluu, na ndege anaonekana kijani

Mwanga unaopita kwenye majani umekwisha kuchujwa. Kijani kimepita, nyekundu na buluu zimeliwa njiani. Unaporekebisha mizani ya weupe ili kahawia irudi kuwa kahawia, programu inazikuza chaneli hizo mbili zenye njaa, na chenga zake zinakuzwa pamoja nazo. Ndiyo maana vidoto huwa na rangi ya zambarau.

Habari njema ni kwamba chenga za rangi ndizo rahisi kuondoa. Jicho halijali sana rangi ikiyeyuka kidogo mradi michoro ya mwanga na kivuli ibaki. Pandisha kitelezi cha chenga za rangi bila woga, ukichunga tu madoa madogo yenye rangi, kama pete ya jicho. Na usilazimishe mizani ya weupe ifike kwenye usafi wa studio. Kijani kidogo ndiyo sura ya msitu, na kila unapoipunguza unalipia.

Dalili: koo la chozi limekuwa jeusi, ukiling'arisha linatoa chenga tupu

Acha kuling'arisha. Mng'ao wa chozi hautokani na rangi iliyomo kwenye unyoya, bali na umbo dogo mno la unyoya wenyewe linalorudisha mwanga kwa upande fulani. Ukisimama nje ya pembe hiyo, koo lililokuwa zumaridi sekunde moja iliyopita ni jeusi, hata mchana kweupe. Hakuna mwanga uliokufikia, kwa hiyo hakuna cha kukuza ila kuyumba kwa visahani. Mngoje ageuke, au usogee wewe mpaka chanzo cha mwanga kiwe nyuma ya bega lako. Chini ya mwavuli wa miti, chanzo hicho mara nyingi ni upenyo mmoja tu, kwa hiyo utafute kabla ya kumtafuta ndege.

Mistari, na vidoto visivyohama

Mistari mipana ya giza na mwanga kwenye picha zilizopigwa karibu na taa za umeme, tuseme kwenye kibaraza chenye chakula cha ndege, inatokana na taa kupepesa. Umeme wa hezi 50 hupepesa taa mara 100 kwa sekunde. Tumia shata ya mitambo badala ya ile ya kielektroniki, na kasi ya 1/100 au 1/50. Penye umeme wa hezi 60 tumia 1/120 au 1/60.

Mistari myembamba inayotokea vivulini kwa mwanga wa asili ni kihisi kikikwambia kwamba umekikamua kupita kiasi. Rudi kwenye dalili ya kwanza. Kagua pia shata ya kielektroniki: kwenye baadhi ya kamera hupunguza biti za RAW kutoka 14 hadi 12, na hasara huonekana vivulini.

Kidoto cheupe au chekundu kinachokaa palepale kwenye kila fremu ni pikseli moto. Huongezeka kamera ikipata joto, jambo la kawaida ukiwa umeacha kioo kikiwaka saa nzima. Programu nyingi za RAW huzifuta zenyewe. Zima kamera dakika chache.

Kwenye kompyuta

Mpangilio una maana. Safisha chenga kwanza, rekebisha mwanga na rangi, noa mwishoni. Ukinoa kabla ya kusafisha, umezinoa chenga.

Programu za kusafisha RAW kwa akili bandia zimebadilisha kazi hii kweli. DxO walitoa DeepPRIME mwaka 2020, Adobe wakaingiza Denoise kwenye Lightroom mwaka 2023, na faili za ISO 12,800 ambazo zamani nilikuwa nazifuta sasa nazifungua tena. Lakini zichunge. Penye chenga nzito programu haioni unyoya, inakisia. Utaona manyoya yaliyosukwa vizuri mno, sare kama mkeka, mahali ambapo ndege huyo ana vinyweleo. Kama picha itatumika kumtambua ndege, mkisio huo unaweza kukupotosha wewe na wenzako. Anza na nusu ya nguvu inayopendekezwa, na ulinganishe jicho na ukingo wa mdomo kabla na baada.

Usisafishe picha nzima kwa kipimo kimoja. Mandharinyuma ya kijani iliyofifia haina kitu cha kupoteza. Isafishe hadi iwe laini. Ndege msafishe kidogo, na kinoleo kipite juu ya ndege tu. Jicho la mtazamaji hutua kwenye mandharinyuma tulivu na kusamehe chenga chache kifuani.

Na uache kuhukumu picha ikiwa imekuzwa asilimia 100. Ukiipunguza nusu kwa urefu na upana kwa ajili ya kuituma, kila pikseli nne zinachangwa kuwa moja na chenga hupungua kwa nusu. Kwenye simu hakuna atakayeziona.

Ndege akikaa kimya kabisa

Mdiria mdogo wa msituni anaweza kuganda kwenye tawi dakika nzima, na kirukanjia mchana hasogei kabisa. Hapo haba na haba hujaza kibaba, kwa maana yake halisi. Weka kamera kwenye miguu mitatu, piga fremu 16 mfululizo bila kubadilisha chochote, kisha zipange kwenye programu na utafute wastani wake. Chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fremu: 4 zinazigawa kwa mbili, 16 kwa nne. Majani yaliyopepea yatafifia, na mara nyingi hilo ni zuri. Ndege akigeuza kichwa kwenye fremu ya tisa, tupa kuanzia hapo. Nane za mwanzo bado zinakupunguzia chenga karibu mara tatu.